Kasi Hupotelea Ndani: Swichi, Nyaya na Ofisi za Ukingoni mwa Msitu wa Kakamega

Ofisi ya Isecheno ikilalamika kwamba intaneti inakokota, lawama husafiri mbali. Italaumiwa kampuni ya mtandao, utalaumiwa mkongo wa baharini, mvua ya alasiri, hata msitu wenyewe. Kile kisanduku chenye taa za kupepesa kilicho juu ya kabati, ambako nyaya zote za ofisi hukutana, hakitajwi. Kisanduku hicho ni swichi, na hoja ninayoitetea hapa ni kwamba uchunguzi uanzie kwake na kwa nyaya zake. Katika ofisi ndogo, kasi nyingi hupotea ndani ya jengo, na umbali uliopo kati yetu na seva tunazozitegemea huikuza hitilafu ndogo ya ndani hadi ikala saa nzima za kazi.

Isecheno ni kituo cha misitu upande wa kusini wa Msitu wa Kakamega, huko Shinyalu, nchi ya Waisukha. Upande huu uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu la Kenya. Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985. Wageni hupajua Isecheno kwa ndege, vipepeo na kima. Lakini pia ni mahali ambapo data hukusanywa kwa bidii kubwa. Marina Cords wa Chuo Kikuu cha Columbia alianza kuwachunguza kima wa Isecheno mwaka 1979, na utafiti huo ukadumu miongo kadhaa. Mradi wa BIOTA, uliofadhiliwa na Ujerumani, ulifanya kazi katika msitu huu tangu 2001 hadi 2010. Picha, sauti na majedwali yanayotoka hapa huelekea vyuo vya Ulaya na Marekani.

Majirani wa Shinyalu wana mahitaji ya kawaida zaidi, na hayasubiri. Kuna mhasibu anayewasilisha kodi kwenye iTax, mwalimu mkuu anayejaza takwimu za wanafunzi, zahanati inayotuma madai ya bima kwa SHA, mamlaka ya afya ya jamii, na karani anayefungua eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa niaba ya mama aliyetoka kijijini alfajiri. Mama huyo ndiye anayenifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito. Ukurasa usipofunguka ataambiwa sistimu iko chini, arudi kesho. Nauli ya kesho hakuna anayemrudishia, na huenda sistimu haikuwa chini hata kidogo.

Tabia ya kulaumu ng'ambo ina asili yake. Hadi 2009 Kenya ilizungumza na dunia kupitia setilaiti, kwa bei kali na kasi ndogo. Mwaka huo mikongo ya TEAMS na SEACOM ilifika Mombasa, EASSy ikafuata 2010, na serikali ikatandaza mkongo wa taifa, NOFBI, kuelekea miji ya bara. Tangu hapo tumeshuhudia mikongo ikikatika. Februari 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS karibu na Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, na Kenya, Uganda na Tanzania zikakaa siku kadhaa kwa shida. Matukio ya namna hii yana sura yake: huikumba nchi nzima saa ile ile, hutangazwa redioni, kisha hupita. Ofisi ambayo imekuwa ikijikokota miezi mitatu, huku jirani wa huduma ile ile akifanya kazi vizuri, ugonjwa wake hautoki baharini.

Basi tukitazame kisanduku. Swichi hupokea pakiti ya data kwenye tundu moja, husoma anwani ya kifaa inakokwenda, na kuitoa kwenye tundu linalohusika. Mfumo wa nyaya unaotumika, Ethernet, ulibuniwa na Robert Metcalfe na David Boggs katika maabara ya Xerox, California, mwaka 1973; swichi ya kwanza ya biashara ilitoka kwa kampuni ya Kalpana mwaka 1990. Kasi yake imepanda kwa ngazi za mara kumi: megabiti 10 kwa sekunde, halafu 100 mwaka 1995, halafu 1,000 juu ya waya wa kawaida wa shaba mwaka 1999. Kompyuta na swichi zikiunganishwa huafikiana zenyewe kuhusu ngazi ya juu kabisa ambayo pande zote mbili zinaimudu. Zikishindwa kuelewana kwenye 1,000 hushuka hadi 100, na katika vifaa vya kawaida vya ofisi hakuna kituo katikati.

Hapo ndipo tarakimu zinaanza kusema. Muunganisho wa megabiti 100, baada ya kuondoa sehemu inayobeba anwani na vichwa vya pakiti, humpa mtumiaji megabiti 94 au 95. Ofisi iliyolipia 200 na kila kompyuta ikapima 94 isiyobadilika imeshapata jibu lake: mahali fulani kati ya ruta, kifaa kinachoiunganisha ofisi na mtoa huduma, na meza kuna kifaa au waya uliokwama kwenye ngazi ya 100. Huenda ni swichi ya zamani isiyopita hapo. Ikiwa kompyuta moja tu ndiyo inayopima 94 na wenzake wanapata 200, tazama waya wa kompyuta hiyo. Ikipima 9, imeshuka hadi ngazi ya chini kabisa. Lakini ikipima 17 leo, 4 mchana na 31 jioni, hilo si suala la ngazi; ni makosa kwenye waya, ni foleni, au ni Wi-Fi.

Jambo moja niliseme haraka kwa sababu huleta ugomvi wa bure. Mkataba huandikwa kwa megabiti, dirisha la kupakua faili huonyesha megabaiti, na baiti moja ina biti nane. Aliyelipia 40 akaona 5 kwenye dirisha hilo amepata alicholipia.

Njia ya uchunguzi ninayoiamini ni kuikata safari ya data vipande na kupima kila kipande peke yake. Chukua laptopu moja yenye tundu la kebo na kebo moja fupi ambayo una hakika ni nzima. Zima Wi-Fi ya laptopu. Ichomeke moja kwa moja kwenye ruta, swichi ikiwa imetolewa kabisa, upime. Kisha irudishe swichi, uchomeke laptopu ile ile kwa kebo ile ile kwenye tundu la swichi, upime tena. Halafu nenda kwenye tundu la ukutani lililo nyuma ya meza ya mlalamikaji, upime. Mwisho tumia kompyuta yake na kebo yake. Tarakimu inapoanguka, hapo ndipo penye hitilafu.

Inaonekana rahisi, lakini watu wengi huiharibu kwa kubadilisha vitu viwili kwa mpigo. Fundi anakuja, anabadilisha kebo, anazima na kuwasha swichi, anahamisha tundu, kasi inarudi, anaondoka. Hakuna anayejua ni lipi kati ya hayo lililoponya, na baada ya wiki mbili tatizo likirudi kazi inaanza upya. Badilisha kitu kimoja, pima, andika. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, saa, mahali ulipopimia, kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, na muda wa pakiti kwenda na kurudi.

Kuna kipimo kingine kisichomhitaji mtoa huduma hata kidogo. Programu ya bure ya iperf3 huwekwa kwenye kompyuta mbili za ofisi, moja ikatuma data na nyingine ikapokea kupitia swichi. Swichi ya ngazi ya 1,000 yenye nyaya nzima hutoa takriban megabiti 940. Ukipata 940 humu ndani na 6 ukienda nje, swichi na nyaya hizo mbili zimeachiwa huru. Ukipata 30 humu ndani, usimpigie mtu simu.

Sasa waya, ambao kwa maoni yangu ni mshukiwa mkuu. Ndani ya kebo ya mtandao mna nyaya nane zilizosokotwa jozi kwa jozi. Ngazi ya 100 hutumia jozi mbili tu. Ngazi ya 1,000 inazihitaji zote nne. Kwa hiyo uzi mmoja ukikatika katika jozi zisizotumiwa na ngazi ya 100, taa itaendelea kuwaka, barua pepe zitaingia, kila kitu kitaonekana kizima, ila kasi itakuwa imeshushwa hadi sehemu ya kumi. Swichi nyingi hutofautisha ngazi kwa rangi ya taa au idadi ya taa, na kitabu chake hueleza. Kwenye kompyuta ya Windows, ukurasa wa hali ya muunganisho huonyesha kasi iliyoafikiwa. Hilo huchukua nusu dakika na ningependa kila karani alijue.

Kisha kuna ubora wa kebo yenyewe. Madukani zimejaa kebo za alumini zilizopakwa shaba kwa juu, zinazouzwa kama za shaba. Alumini huupinga umeme zaidi kuliko shaba, huvunjika ikipindwa mara chache, na sehemu iliyochubuka huota ukoko unaozuia umeme kupita. Kwenye mita tano hutaona tofauti. Kwenye mita 60, ndani ya dari yenye joto la bati mchana na unyevu usiku, utaiona. Kuigundua si kazi: kwangua ncha ya uzi mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani; alumini hung'aa kwa weupe. Fanya hivyo dukani kabla ya kulipa, mbele ya mwenye duka.

Ubanaji wa vichwa vya kebo nao una kosa lake la siri. Mtu akizipanga nyaya nane kwa mpangilio wake mwenyewe, sawasawa pande zote mbili, kipimo cha bei rahisi kitawasha taa zote nane na kusema kebo ni nzima. Lakini kusokotwa kwa jozi kuna sababu. Kila jozi hubeba ishara moja, na msokoto ndio unaoondoa kelele za jozi jirani. Mpangilio wa kubuni huchukua uzi mmoja wa jozi hii na mmoja wa jozi ile, kinga ikavunjika, na kebo ikawa inafika lakini inapoteza pakiti, hasa ikiwa ndefu. Mipangilio inayokubalika ni miwili, T568A na T568B. Chagua mmoja, uutumie jengo zima.

Urefu nao una mpaka. Kebo ya shaba haipaswi kupita mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, kwa kawaida 90 ukutani na 10 za kebo fupi za miisho. Katika mji, ofisi chache huufikia mpaka huo. Penye majengo yaliyotawanyika kati ya miti, ofisi hapa, nyumba ya wageni kule, bohari nyuma yake, mpaka huo huvukwa siku ya kwanza, kwa nia njema, na mtu aliyekuwa na bunda la mita 305 na hamu ya kumaliza kazi. Kebo ya mita 140 huenda ikafanya kazi kwa mwaka, kisha ikaanza kusumbua siku za mvua. Mvua hapa si haba: msitu huu hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka.

Nimelikawia suala la waya kwa sababu matokeo yake hayaeleweki bila kujua umbali unachofanya. Hapa ndipo ofisi ya Isecheno inapotofautiana na ofisi ya Frankfurt yenye swichi ile ile na kebo mbovu ile ile.

TCP, itifaki inayobeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, hutuma pakiti na kungoja thibitisho kwamba zimefika. Mwaka 1986 intaneti changa ya Marekani ilisongamana hadi karibu kusimama, na mwaka 1988 Van Jacobson akachapisha tiba ambayo misingi yake bado inatumika: pakiti ikipotea, mtumaji achukulie kwamba njia imejaa, apunguze kasi kwa ghafla, kisha aipandishe kidogo kidogo kwa kila mzunguko wa kwenda na kurudi. Tiba hiyo haijui kwamba pakiti imepotea kwa sababu ya kichwa kibovu cha kebo. Itapunguza kasi vilevile. Na kupanda tena hutegemea mzunguko: mzunguko mrefu, kupanda polepole.

Mwaka 1997 Matthew Mathis na wenzake walilieleza jambo hili kwa kanuni. Kasi inayowezekana hupungua kadiri muda wa mzunguko unavyorefuka, na hupungua pia kadiri kipeuo cha pili cha kiwango cha upotevu kinavyopanda. Tuweke tarakimu. Tuseme kebo inapoteza pakiti moja katika kila 1,000, jambo ambalo hakuna mtu atakayeliona kwa macho. Seva ikiwa Nairobi, mzunguko ukichukua milisekunde 10, kanuni inatoa takriban megabiti 45 kwa sekunde. Seva ikiwa Ulaya, mzunguko ukiwa milisekunde 150, inatoa megabiti 3. Faili ya gigabaiti moja itakwenda Nairobi kwa dakika tatu. Kwenda Ulaya itachukua dakika 44. Kebo ni moja, hitilafu ni moja. Upotevu ukifika pakiti moja katika kila 100, safari ya Ulaya hubaki na chini ya megabiti moja.

Hesabu hii hueleza fumbo ambalo huwachanganya wengi. Mtafiti anayepeleka picha zake Ujerumani anasema intaneti imekufa. Mwenzake kwenye meza ya pili anatazama YouTube bila kukwama na kumwambia intaneti ni nzuri. Wote wawili wanasema kweli. Video maarufu huhifadhiwa kwenye seva zilizo karibu, na wapo watoa huduma nchini wanaobadilishana data hapa hapa kupitia KIXP, kituo cha Nairobi kilichoanzishwa 2000, kikafungwa kwa amri ya mdhibiti, kisha kikafunguliwa tena 2002. Tena YouTube hutumia njia mpya za kudhibiti kasi, kama BBR ya Google iliyotangazwa 2016, ambazo hazitishwi sana na pakiti chache kupotea. Video inayocheza vizuri, basi, haiithibitishi kebo. Na mlalamikaji akisikia kwamba Nairobi ni haraka na Ulaya ni taratibu, atahitimisha kwamba mkongo wa baharini ndio mbaya, kumbe kinachomuumiza kiko ndani ya dari juu ya kichwa chake.

Ndiyo maana nasisitiza kupima kwa seva mbili, moja ya Nairobi na moja ya mbali, tena kutoka kwenye ruta na kutoka kwenye meza. Tofauti kati ya ruta na meza kwa seva ya mbali ndiyo inayofichua upotevu wa ndani. Kipimo cha ping, kinachotuma pakiti na kuhesabu zinazorudi, nacho husaidia kikitumiwa vizuri. Kutuma pakiti nne ndogo hakuthibitishi chochote. Tuma 1,000 zenye ukubwa wa baiti 1,400 kwenda kwa ruta yako mwenyewe, kwa kebo, ofisi ikiwa tulivu. Jibu linalokubalika ni kupotea sifuri. Zikipotea tano ndani ya jengo lako, umeshapata kazi ya siku hiyo.

Chanzo kingine cha upotevu wa aina hii ni mvurugano wa pande mbili za mazungumzo. Ethernet ya leo hutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Mtu akiingia kwenye mipangilio ya upande mmoja akailazimisha kasi ya 100 kwa kutuma na kupokea pamoja, upande wa pili ulioachwa ujitafutie hushindwa kupata majibu ya maafikiano na kuchukua hali ya zamani ya kupokezana. Upande mmoja unasema wakati wowote, mwingine unangoja zamu, pakiti zinagongana. Taa inawaka, ping ndogo inapita, lakini faili kubwa hukwama. Ushauri wangu ni mfupi: acha pande zote mbili ziafikiane zenyewe, na ukikuta kifaa kilicholazimishwa, kirudishe.

Kitanzi ni jambo kubwa zaidi. Mtu anafagia, anaona kebo imening'inia, kwa moyo mwema anaichomeka kwenye tundu lililo wazi la swichi ile ile ambayo upande wake wa pili umeshachomekwa. Ujumbe wa kutangazwa kwa wote sasa unazunguka bila kikomo, swichi inaunakili na kuurudisha, na kwa sekunde chache mtandao mzima umejaa. Taa zote hupepesa kwa pamoja, kwa kasi, bila kupumzika. Radia Perlman alitunga dawa yake mwaka 1985, itifaki ambayo swichi huitumia kugundua vitanzi na kuzima njia ya ziada. Swichi za bei ya chini kabisa mara nyingi hazina kinga hiyo.

Hata wenye kinga hiyo wameangushwa. Novemba 2002 mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston ulianguka kwa siku kadhaa, madaktari wakarudi kwenye karatasi. Mtandao ulikuwa umekua kipande baada ya kipande, swichi ikiungwa kwa swichi, hadi mnyororo ukapita urefu ambao itifaki ile ilikusudiwa kuhimili. Mkuu wa teknolojia wa hospitali, John Halamka, alieleza hadharani kilichotokea ili wengine wajifunze, na namheshimu kwa hilo. Ofisi zetu hukua vivyo hivyo. Meza mpya inaongezwa, swichi ya matundu matano inanunuliwa, inachomekwa kwenye ile ya nane, ambayo imechomekwa kwenye nyingine chini ya ngazi. Miaka mitatu baadaye hakuna mtu awezaye kuchora njia ya data kutoka meza ya mwisho hadi kwenye ruta. Kuichora kwenye karatasi na kuibandika ukutani kungeokoa mengi.

Wakati mwingine swichi haina hatia na nyaya ni nzima, ila mtu mmoja anaijaza njia. Kompyuta zinazopakua masasisho ya Windows saa tatu asubuhi, simu inayohifadhi video zake mtandaoni, au kamera za msituni zinazomwaga picha zote za wiki kwa mara moja. Hapo tazama muda wa ping kwenda Nairobi wakati kazi hiyo inaendelea. Ukipanda kutoka milisekunde 15 hadi 700, ruta imejaza foleni ndefu upande wa kupakia, na ukurasa wa eCitizen umekwama nyuma ya picha za kima. Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha mwaka 2012 njia ya kuzifupisha foleni hizi, CoDel, na ruta nyingi za leo zinayo au zinaweza kuwekewa. Weka kikomo chini kidogo ya kasi halisi ya laini, tuseme asilimia 90, ili foleni ijengeke kwako unakoweza kuipanga. Kazi nzito zipangiwe usiku.

Sasa radi, kwa sababu hatuwezi kuzungumza juu ya vifaa vya Kakamega bila radi. Ukanda unaolizunguka Ziwa Viktoria ni kati ya maeneo yenye ngurumo nyingi zaidi duniani. Upepo wa ziwa hukutana na miinuko ya Nandi, na alasiri mawingu hupasuka. Radi haihitaji kulipiga jengo. Ikianguka jirani, kebo ya shaba iliyopita hewani kati ya nyumba mbili huokota umeme wa kutosha kuumiza matundu ya pande zote mbili. Tundu lililokufa kabisa ni nafuu, kwa maana linajulikana. Lenye madhara ni lile lililojeruhiwa: linawaka taa, linapitisha data, lakini limeshuka hadi 100 au linapoteza pakiti. Ofisi inalaumu kompyuta iliyounganishwa nalo kwa miezi. Baada ya kila radi kubwa, hamisha kebo inayosumbua kwenye tundu jingine upime. Likionekana bovu, lizibe kwa utepe na uliandike, asije mwingine akalitumia.

Kinga ya kweli kati ya majengo ni faiba, kebo ya nyuzi za kioo. Kioo hakibebi umeme wa radi, na mpaka wa mita 100 haupo tena. Vigeuzi viwili vya faiba na kebo yake vimeshuka bei mno, na hugharimu kidogo kuliko kununua swichi na kompyuta upya baada ya msimu mmoja wa mvua. Umeme wa gridi nao uangaliwe: adapta ya swichi iliyochoshwa na kupanda na kushuka kwa volti huifanya swichi ijizime na kujiwasha yenyewe, mtandao ukipotea dakika moja kila baada ya muda, na wafanyakazi wakasema tu kwamba intaneti ni taratibu. Kubadilisha adapta kwa nyingine ya volti na ampea zile zile ni jaribio la dakika mbili.

Kwa ofisi ya watu zaidi ya kumi ningeshauri swichi inayosimamiwa, ile yenye ukurasa wake wa mipangilio. Sababu yangu kuu ni hesabu zake. Huandika kwa kila tundu ni pakiti ngapi zimepita, ngapi zimefika zikiwa zimeharibika, na ngazi gani imeafikiwa. Tundu la 7 likionyesha maelfu ya pakiti zilizoharibika na mengine yakiwa na sifuri, huna haja ya kupanda darini kutafuta. Ofisi za umma zinazotangaza zabuni za mtandao zingeweza kudai mambo mawili tu kwa maandishi, kebo ya shaba tupu na ripoti ya kipimo cha kila tundu, na fedha nyingi za walipa kodi zingeokolewa.

Yakishaondolewa hayo yote, na laptopu iliyochomekwa kwenye ruta peke yake bado inapata theluthi ya kilicholipiwa kwa siku kadhaa mfululizo, hapo mpigie mtoa huduma, ukiwa na daftari mkononi. Na Isecheno ina hitilafu ya nje ambayo ni yake hasa: miti. Kiungo cha redio cha gigahezi 5 kutoka mnara wa mbali hudhoofishwa na majani, na majani yaliyolowa huzidi. Kasi ikianguka kila mvua inyeshapo na kupanda jua likitoka, chunguza kama matawi yamekua mbele ya antena tangu ifungwe. Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, inataka anga wazi. Sahani yake ikiwa chini ya matawi, mawasiliano hukatika sekunde chache kila setilaiti inapopita nyuma ya mti, na simu ya video huganda wakati kipimo cha kasi kinatoa tarakimu nzuri. Programu yake ya simu huchora ramani ya vizuizi hivyo. Hakuna haja ya kuukata mti katika msitu unaolindwa. Ihamishwe sahani hadi kwenye uwazi, na ikiwa uwazi uko mita 150 kutoka ofisini, njia ya kurudi ofisini iwe ya faiba tangu siku ya kwanza.